Fumbo la Ukurasa wa Nne

Siku niliyopangiwa kufundisha sehemu za gazeti, sikuwa na gazeti. Nilikuwa na kitabu cha kiada, kimoja kwa darasa zima, na ndani yake mchoro wa gazeti uliojaa mishale. Mshale wa "tahariri" ulikuwa umeelekea kwenye tangazo la sabuni. Ule wa "maelezo ya picha" uliishia hewani, pembeni mwa karatasi, haukugusa chochote. Nikaufuta mpango wangu wa kuwaonyesha wanafunzi mchoro ule, nikaamua kuanza kwa kuuliza.

Shule yetu ni sekondari ya kata, huko Mkalama, nusu saa kwa bodaboda kutoka Nduguti kama barabara imekauka. Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili wa Kidato cha Tatu, mwaka wangu wa pili kazini.

"Nani amewahi kusoma gazeti?" nikauliza.

Mikono ikapanda darasa zima. Nilifurahi mno, maana nilitegemea mikono miwili au mitatu. Nikamwinua msichana mmoja aliyekaa dirishani, mwembamba, asiyependa kuandika insha lakini hodari wa kuchora majedwali. Nikamwambia aeleze gazeti likoje.

"Madam, ni ile picha inayokuja kwenye simu asubuhi."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Kumbe kila nyumba yenye simu ya maana ilikuwa ndani ya kundi fulani, la ukoo au la kwaya au la msikiti, na kila asubuhi mtu asiyejulikana alitupia humo picha za kurasa za mbele. Watoto walizijua kurasa hizo vizuri sana. Walijua vichwa vya habari kwa moyo. Walichokuwa hawajui ni kwamba gazeti hufunguka.

"Kwa hiyo ndani kuna mengine?" yule msichana akauliza.

"Kwani hawaandiki 'habari kamili ukurasa wa tano'?"

"Huwa wanaandika, madam. Sisi tulidhani ndivyo sentensi inavyomalizwa."

Mimi nilikulia Manyoni. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli, na gazeti lilishuka na treni, la jana au la juzi. Alilisoma lote, pamoja na matangazo ya zabuni za majengo ambayo hangejenga kamwe, na mama alikatazwa kuwashia moto karatasi yoyote mpaka baba aseme imeshasomwa. Kwa hiyo jibu la yule msichana liliniuma kama vile nimeambiwa kuna watoto wanaojua pilau kwa picha tu. Mchana ule ule nikaenda kwa mama muuza maandazi, pale njia panda ya kwenda Kinyangiri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Mangapi leo?"

"Leo sitaki maandazi. Nataka karatasi unazofungia."

Alinitazama akidhani nimetumwa na bwana afya. Nilipomweleza, akacheka, akanipa rundo zima, ila akanionya kwamba ameshazikata. Kila ukurasa ulikuwa vipande vinne, kipande kimoja kwa maandazi mawili. Nikarudi nalo shuleni, likinukia iliki na mafuta.

Basi ndivyo tulivyojifunza gazeti, kwa robo robo. Kundi moja lilipata kichwa cha habari kisicho na habari. Jingine likapata habari isiyo na kichwa, ikaanzia katikati ya neno. Wengine walipata picha ya watu kumi na wawili wamesimama mbele ya jengo, na maelezo ya picha yakiwa yamebaki kwenye robo nyingine ambayo bila shaka ilikuwa imeshafungia maandazi ya mtu huko Ulemo. Nikawafundisha kuwa pale juu kabisa hukaa jina la gazeti, na visanduku viwili vya kulia na kushoto kwake huitwa masikio. Nikawafundisha kichwa kikuu, kichwa kidogo, jina la mwandishi, safu, na aya ya kwanza ambayo ndiyo inayobeba nani, nini, wapi na lini. Tahariri tuliipata moja, nzima, haijakatwa, yenye doa la mafuta mahali ilipokuwa inatoa wito kwa wahusika wachukue hatua.

Kisha tukaandika ubaoni vitenzi vyote vilivyokuwa kwenye vichwa vya habari. Aagiza. Ataka. Aonya. Apongeza. Azindua. Ashangaa. Wanafunzi walitafuta kwa bidii kitenzi "afanya" na hawakukipata. Darasa likaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichomleta mkuu wa shule mlangoni.

Mkuu wetu alikuwa mtu nadhifu wa makamo, mwenye koti la suti alilolivaa hata kwenye jua la Oktoba. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu zilimtisha kuliko zilivyotutisha sisi. Aliangalia vile vipande vya karatasi juu ya madawati, akasikiliza maelezo yangu, kisha akatamka mbele ya wanafunzi wote:

"Tutoe gazeti letu. Siku ya mahafali ya Kidato cha Nne. Mgeni rasmi alikute mezani."

Ilikuwa imebaki wiki tano. Nikapewa barua yenye mhuri kuwa mimi ni mhariri. Yeye mwenyewe akawa mhariri mkuu, mshauri wa mhariri mkuu, na mwenyekiti wa kamati ya uhariri. Gazeti lingekuwa karatasi moja kubwa iliyokunjwa katikati, kurasa nne, ichapwe kwenye duka la steshenari Nduguti.

Kikao cha kwanza kilihusu masikio. Mkuu aliyapenda masikio tangu nilipomweleza ni nini. Sikio la kushoto akataka liwe na picha yake. Sikio la kulia akataka liandikwe kaulimbiu ya shule. Makamu wake alipouliza kama na yeye anaweza kupata sikio, Mkuu alimweleza kwa upole kwamba gazeti, kama binadamu, lina mawili tu. Makamu akaondoka na safu ya maadili kwenye ukurasa wa pili, akaridhika.

Tahariri Mkuu aliiandika mwenyewe. Ilianza hivi: "Gazeti hili linampongeza kwa dhati Mkuu wa Shule hii kwa kuanzisha gazeti hili." Nilimweleza kuwa tahariri ni sauti ya gazeti lenyewe kuhusu jambo fulani, si ya mtu kujisifu. Akafikiri, akachukua kalamu, akaongeza: "na pia linamtaka asirudi nyuma."

Habari ya ukurasa wa mbele niliwaachia wanafunzi. Niliwaambia waandike jambo lililo kweli, lililo jipya na linalowagusa watu. Hawakukaa hata dakika kumi. Yule msichana wa dirishani ndiye aliyeleta karatasi, kwa mwandiko wake wa herufi zilizonyooka. Aya ya kwanza ninaikumbuka mpaka leo:

"Wanafunzi wa shule hii wanachota maji korongoni kila asubuhi kabla ya masomo, wakati pampu mpya ya kisima imewekwa ofisini kwa Mkuu wa Shule kwa miezi minane, ikisubiri mgeni wa kuizindua."

Ilikuwa kweli tupu. Kisima kilikuwa kimechimbwa na wafadhili, kimefunikwa kwa mfuniko wa zege, na pampu imeletwa ndani ya boksi la kijani. Fundi alishasema kuifunga ni kazi ya siku moja. Lakini Mkuu alikuwa ameandika barua ya kumwomba kiongozi fulani aje aizindue, na kiongozi alijibu kuwa atakuja, bila kusema lini. Boksi likakaa ofisini. Baada ya mwezi lilitandikwa kitambaa cha kudarizi. Baada ya miezi miwili likawekewa chombo cha maua ya plastiki na kitabu cha wageni. Kila aliyeingia ofisini alisaini jina lake juu ya pampu bila kujua. Na kila asubuhi wasichana walipita mbele ya dirisha la ofisi hiyo na ndoo kichwani, wakitoka kufukua mchanga wa korongo mpaka maji yajikusanye.

Nilimpelekea Mkuu habari hiyo akiwa anakunywa chai. Aliisoma mara mbili.

"Imeandikwa vizuri," akasema. "Sana. Ila si ya ukurasa wa mbele."

"Kwa nini, Mkuu?"

"Ukurasa wa mbele ni sebule. Mgeni humkaribishi kwa kumwonyesha ndoo. Peleka ukurasa wa tatu."

Nikaipeleka ukurasa wa tatu. Kesho yake akaniita. Ukurasa wa tatu, alisema, umekaa upande wa kulia, na mtu akifungua gazeti jicho lake huangukia kulia. Alikuwa amejifunza hilo kwangu. Akataka niipeleke ukurasa wa pili, chini, na niipunguze iwe habari fupi. Nikaipunguza. Siku ya tatu akaona kuwa kwa vile ni fupi, inafaa iwe barua ya msomaji, maana barua ni maoni ya mtu binafsi na gazeti haliwajibiki nayo. Tukaifanya barua. Siku ya nne akasema barua inapaswa kuwa na jina la aliyeiandika, na hataki mtoto wa watu apate matatizo, kwa hiyo ibaki picha tu ya kisima na maelezo ya picha. Maelezo ya picha aliyaandika mwenyewe: "Kisima cha shule kikiwa katika hali nzuri."

Siku ya tano picha nayo ikaondolewa kwa sababu mfuniko ulionekana na ufa.

Nilikwenda ofisini nimekasirika. Nilisimama kando ya boksi lenye maua, nikamuuliza anaogopa nini hasa. Hakukasirika. Aliinuka akafunga mlango, akanisimulia kuwa katika shule aliyotoka aliwahi kuwaruhusu wanafunzi waingie kwenye darasa jipya kabla halijazinduliwa. Mvua zilikuwa zimeanza na darasa la zamani lilivuja. Kiongozi alipokuja kuzindua akakuta chaki ubaoni na tope sakafuni. Mkuu aliandika barua ya kujieleza mara tatu, kila mara ikirudishwa kwamba haijajieleza vya kutosha.

"Waliniuliza kwa nini nimelitumia darasa ambalo bado halipo," akasema. "Kwa mujibu wa taratibu, mwalimu, lilikuwa bado halipo. Na hii pampu nayo bado haipo."

Akaligonga boksi kwa kidole. Likatoa sauti nzito ya kitu kilichopo.

Nilitoka nikiwa nimemwonea huruma, jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Lakini nilibaki na tatizo la kazi. Ukurasa wa nne, ambao ulikuwa umeachiwa ile picha, sasa ulikuwa na nafasi tupu ya ukubwa wa kiganja, na kesho yake ilikuwa siku ya kwenda Nduguti kuchapa. Nikawaeleza wanafunzi ukweli, kwamba habari yao imeondolewa na tunahitaji kitu cha kujaza. Mmoja akapendekeza tuweke ua. Mwingine akapendekeza tangazo la maandazi. Yule msichana alikuwa akikiangalia kipande cha gazeti alichopewa siku ya somo la kwanza, chenye nusu ya vimraba vyeupe na vyeusi.

"Madam, hiki kinaitwaje?"

"Fumbo la maneno. Unasoma swali, unajaza jibu herufi moja moja. Mengine yanakwenda kulia, mengine yanakwenda chini."

"Na Mkuu huwa analisoma?"

Nikasema sidhani. Akaomba rula.

Kesho yake asubuhi aliniletea fumbo limechorwa kwa kalamu nyeusi, safi kuliko lile la gazeti. Nikasoma maswali. Kwenda kulia, moja: Huvuta maji kutoka kisimani, herufi tano. Nne: Anayesubiriwa aizindue, herufi tano. Sita: Mahali ilipo sasa, herufi tano. Kwenda chini, mbili: Tunachota hapa, herufi saba. Tano: Kinatuuma tukifika darasani. Na mengine ya kawaida, mji wenye kituo cha reli, mbegu inayokamuliwa mafuta, ya kuchanganyia tu.

Sitaki kujifanya sikuelewa. Nilielewa kabla sijafika swali la nne. Nilimtazama, naye akatazama viatu vyake vilivyokuwa bado na mchanga wa korongo. Ningeweza kumwambia achukue rula achore ua. Nilichosema ni, "Usiweke jina lako," kisha nikaliweka fumbo kwenye bahasha na kurasa nyingine.

Mkuu alikagua kurasa zote nne na kusaini kila moja. Alipofika kwenye fumbo alikaa nalo kwa muda.

"Hivi visanduku vyeusi," akasema, "vina mpangilio mzuri. Ni vya watoto?"

"Ni vya wasomaji wote, Mkuu."

"Vizuri. Kipindi cha hotuba watu wasichoke." Akasaini.

Siku ya mahafali turubai lilifungwa tangu alfajiri, wazazi wakaja kutoka vijiji vyote vya kata, kina mama kwa vitenge vya sare, wazee na fimbo zao. Kila kiti kilikuwa na gazeti. Saa nne simu ya Mkuu ikalia. Kiongozi aliyesubiriwa kwa miezi minane alikuwa amepata udhuru. Mkuu akasimama nyuma ya jiko la wapishi kwa dakika nzima akiwa ameshika simu iliyokwisha kukatika. Wasaidizi wake wakakimbia huku na huko kutafuta mgeni rasmi mwingine, na wakamwona mama mmoja mstaafu ambaye alikuwa amekuja kwa mjukuu wake tu. Alikuwa muuguzi na mkunga wa zahanati kwa maisha yake yote ya kazi. Nusu ya watu waliokuwa chini ya lile turubai aliwapokea yeye walipokuja duniani, pamoja na makamu wa mkuu wa shule.

Akaombwa, akakubali, akapandishwa meza kuu. Mkuu alimkaribisha kwa heshima zote, ila mimi nilimjua: machoni pake yule mama alikuwa mgeni rasmi wa kutosha kwa vyeti na keki, si wa kutosha kwa pampu.

Risala zikaanza. Risala ya wahitimu ilikuwa ndefu, na ya shule ilikuwa ndefu zaidi, na ilisema mara nne kuwa changamoto zipo lakini zinafanyiwa kazi. Nilikuwa nimekaa pembeni ya meza kuu. Nikamwona yule mama anafungua gazeti, analigeuza, anavaa miwani. Akaniita kwa kidole.

"Mwalimu, una penseli?"

Nikampa. Akanisogezea karanga.

"Zamu za mchana zahanati," aliniambia kwa sauti ya chini, "nilikuwa najaza haya. Kuna daktari alikuwa akitutumia magazeti ya zamani."

Akainama akaanza kujaza. Nilimwona anaandika herufi moja moja, haraka, kisha polepole, kisha akaacha kabisa. Akainua macho akaangalia jengo la ofisi. Akaangalia mstari wa ndoo chini ya mti wa mgunga, kila moja na jina la mwenyewe kwa rangi. Akarudi kwenye karatasi.

Alipoitwa kuhutubia alikwenda na gazeti mkononi.

"Shikamooni wakubwa zangu, hamjambo wanangu," akaanza. "Mimi hotuba sikuandaa, nimeambiwa nusu saa iliyopita. Lakini hapa kuna fumbo, na mengine yamenishinda. Nisaidieni. Kwenda kulia, moja. 'Huvuta maji kutoka kisimani.' Herufi tano."

"Pampu!" wazazi wakaitikia kwa furaha. Walikuwa wamechoshwa na risala.

"Pampu. Sita. 'Mahali ilipo sasa.' Herufi tano."

Hilo wazazi hawakulijua. Sauti ikatoka nyuma, walikokaa Kidato cha Tatu, si ya mtu mmoja, ilikuwa ya benchi zima: "Ofisi!"

"Ofisi," yule mama akarudia, akaandika. "Kwenda chini, mbili. 'Tunachota hapa.' Saba."

"Korongo!" Safari hii walikuwa kina mama, na hawakuwa wanacheka tena.

"Nne, kulia. 'Anayesubiriwa aizindue.' Tano." Akahesabu kwa ncha ya penseli. "Herufi ya nne ni N, ninayo tayari kutoka kwenye korongo."

Akamgeukia Mkuu, ambaye alikuwa amekaa wima, jasho likimtiririka ndani ya koti.

"Mwalimu mkuu, mwanangu, nisaidie hii."

Mkuu akasimama. Nilidhani ataondoka. Akasafisha koo. "Ni mgeni, mama," akasema. "Mgeni rasmi."

"Na leo mgeni rasmi ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Iko wapi?"

"Ofisini."

"Basi ilete."

Mkuu alijaribu kumweleza juu ya barua aliyoandika na jibu alilopewa, na kwamba taratibu zinataka aliyealikwa ndiye azindue. Kipaza sauti kilikuwa wazi, kila mtu akasikia. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akasema, bila ukali:

"Mimi nimezalisha watoto wa kata hii nzima. Sijawahi kumwambia mama ajizuie mpaka aje mtu wa kumzindua mtoto."

Kicheko kilichotoka pale, na vigelegele, viliwashtua mbuzi mpaka ng'ambo ya uwanja. Wazee wawili waliongea kitu kwa Kinyiramba ambacho mimi wa Manyoni sikukielewa, ila niliona kila aliyekaa karibu yao anafuta machozi ya kucheka. Makamu na wazazi wanne walikwenda ofisini. Wakarudi na boksi la kijani limebebwa kama jeneza la mtu mzito, na kwa haraka hakuna aliyekumbuka kuondoa kitambaa cha kudarizi wala maua. Kitabu cha wageni kilidondoka njiani. Yule mama akachukua kisu cha keki, akakata utepe wa gundi wa boksi, na hivyo ndivyo pampu ilivyozinduliwa, kati ya kugawa vyeti na kula wali.

Fundi alikuja wiki iliyofuata kutoka Kiomboi. Ilikuwa kweli kazi ya siku moja, tena alimaliza kabla ya chakula cha mchana. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, ya pili yakatoka na rangi ya chai, kisha yakatakata. Wanafunzi walinawa nyuso, wakanawa miguu, wakanawa madawati. Yule msichana alijaza ndoo, akaimwaga, akaijaza tena, akawa anacheka peke yake.

Jumatatu Mkuu aliniita. Nilijua ni kuhusu fumbo. Chumba sasa kilikuwa kikubwa mno kwa meza yake, kwa kuwa lile boksi halikuwepo, na kitabu cha wageni kilikaa sakafuni.

"Nani aliyelitunga?" akauliza.

"Mimi ndiye mhariri, Mkuu. Barua yako ndivyo inavyosema."

"Kwa hiyo utaandika barua ya kujieleza."

Nikaiandika hapo hapo. Niliandika kuwa nafasi ilikuwa tupu, kuwa fumbo la maneno ni sehemu halali ya gazeti, na kuwa ukurasa ulisainiwa na mhariri mkuu. Aliisoma, akasahihisha mkato mmoja, akaifungia kwenye jalada. Kisha akavua koti. Sikuwa nimewahi kumwona bila koti.

"Yule kiongozi amepiga simu," akasema. "Amesema hongera kwa ubunifu. Ameomba nakala ya gazeti." Akakaa. "Yale masikio, unadhani ameyaona?"

Toleo la pili lilipokuja, muhula uliofuata, Mkuu aliunda kamati ya kukagua mafumbo, watu watano, ambao walitakiwa wayajaze kabla hayajachapwa na kuandika muhtasari wa walichokipata. Kamati ilikutana mara moja ikashindwa swali la mto wa Afrika wenye herufi nne, ikavunjika.

Na yule msichana? Nilimtarajia aje na habari nyingine kali. Alikuja uso umemsawijika. Baba mmoja wa Kinyangiri alikuwa amemtuma mwanawe kusema kuwa swali la tano kwenda chini lilikosewa: jibu ni shingo, herufi sita, lakini vimraba vilichorwa vitano. Alikuwa amehangaika nalo wiki nzima, akidhani labda ni kichwa, au mgongo, vyote havikuingia.

"Niliharakisha, madam," akasema. "Nilikuwa nachora nimesimama kwenye foleni ya maji."

Nilimwambia pampu inafanya kazi, nani anajali kimraba kimoja. Yeye alijali. Aliniuliza gazeti likikosea hufanya nini, nikamweleza kuwa kuna sehemu ndogo iitwayo masahihisho, na kwamba magazeti mengi huificha mahali mtu hatazami. Akataka tuiweke ukurasa wa mbele. Mkuu, kwa sababu zake, alikubali mara moja.

Safari hii nilimruhusu aweke jina lake. Masahihisho yalikaa chini ya kichwa kikuu, mistari mitatu ndani ya kisanduku, yakiomba radhi kwa wasomaji wote waliokosa nafasi ya kuandika shingo. Bibi yake hajui kusoma. Aliomba aonyeshwe ni wapi hasa jina limeandikwa, akakiweka kidole pale, na akaenda na gazeti lile kanisani Jumapili, likiwa limekunjwa jina likiwa nje.